Jina Lililoachwa Nje ya Orodha

Ndugu msomaji, barua iliyonifikia juma lililopita ililetwa kwa mkono hadi mlangoni mwa ofisi yetu, ikiwa imekunjwa mara nne na kutiwa ndani ya bahasha iliyokwisha kutumika. Mwandishi wake ni mfanyakazi wa kiwandani hapa Dar es Salaam, mzaliwa wa kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami nalitimiza ombi hilo kwa moyo mmoja, kwa kuwa wenye hadithi hii wako hai na hukutana kila Idi.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu yake alifariki mwaka 1991 akaacha shamba la minazi. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani, shamba halikugawanywa. Watoto wake wa kiume waliendelea kuangua nazi, kukausha mbata na kugawana fedha kwa maelewano, na kila msiba ulipoingia nyumbani minazi hiyo ndiyo iliyonunua sanda na mchele. Mwaka jana ami yake mkubwa naye akafariki, na watoto wa marehemu wakataka mambo yawekwe sawa kwa karatasi. Wazee wakaketi. Ikaandikwa orodha ya warithi wa babu ili ipelekwe mahakamani. Majina manne yakaandikwa, la tano halikuandikwa.

Jina hilo la tano ni la shangazi yake, ambaye mwaka 1974 aliondoka kisiwani kwa jahazi, usiku, akimfuata mwanamume ambaye wazee walikwisha kumkataa. Akaolewa Tanga, akazaa, akafiwa na mumewe, na sasa ni bibi kizee anayeuza maandazi mlangoni pake. Hakubadili dini, hakuiba, hakumtukana mtu. Mwandishi wetu alipouliza katika kikao kwa nini shangazi hakutajwa, alijibiwa neno moja tu, kwamba huyo alijitoa mwenyewe. Sasa ananiuliza mimi: je, mtu akiondoka nyumbani kwao, damu nayo huondoka?

Mimi si kadhi wala si hakimu, na mwenye kuandika katika gazeti asijifanye kuwa hao wawili. Lakini barua hiyo ilinikumbusha mwanamke mwingine aliyeondoka usiku kwa chombo, akafuata mwanamume aliyekataliwa na jamaa zake, kisha akatumia nusu ya umri wake kudai fungu lake. Yeye hakuwa wa Mafia. Alikuwa wa Unguja, binti wa mfalme. Hata hivyo madai yake yaliingizwa katika mambo makubwa ambayo mwisho wake Mafia iliuzwa, na kwa sababu hiyo naomba radhi ya ndugu yetu wa Mafia nikianzia mbali kidogo kabla sijarudi kwenye minazi ya babu yake.

Seyyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, ambaye mkono wake ulifika mwambao mzima, Mafia ikiwa ndani yake. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi wa milima ya Kaukasi, aliyetekwa angali mtoto, akauzwa, na mwisho akawa suria katika nyumba ya mfalme. Kumbuka jambo hilo, msomaji, kwa sababu tutalirudia: binti mfalme huyu alizaliwa na mama aliyenunuliwa.

Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto siku hizo. Mwaka 1856 Seyyid Said akafa baharini akitoka Omani. Aliacha watoto 36 walio hai. Salme alikuwa na umri wa miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi: shamba pamoja na nyumba yake, na fedha kiasi cha pauni 5,429. Fungu la mwanamke ni nusu ya fungu la mwanamume, kama sheria ya Kiislamu isemavyo. Lakini alipewa. Hakuna aliyesema kuwa mtoto wa suria hana chake, wala kuwa mtoto wa kike angoje mpaka aolewe.

Miaka mitatu baadaye mambo yakaharibika. Mwaka 1859 mama yake alikufa kwa kipindupindu, na mwaka huo huo Seyyid Bargash akataka kumpindua ndugu yake Seyyid Majid aliyekuwa amekalia kiti. Salme, mtoto wa miaka 15, akavutwa upande wa Bargash na dada yake mpenzi aliyeitwa Khole. (Wazungu hulichapa jina hilo Chole, mtu wa Mafia asije akadhani kisiwa chake kimetajwa.) Kalamu aliyojifundisha kwa siri ndiyo iliyoandika barua za uasi. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Bargash akapelekwa Bombay, na Salme akasamehewa. Baadaye akapatana na Majid. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo jamaa zake wa upande wa pili hawakulisamehe kamwe. Jamaa, kama ujuavyo, huweza kumsamehe adui kabla ya kumsamehe ndugu aliyehama upande.

Mambo ya Herr Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini, sitakawia kuyasimulia, kwani waandishi wa Ulaya wameyapamba kupita kiasi. Itoshe kusema kwamba Salme alipata mimba, na kwamba usiku wa tarehe 24 Agosti, 1866, aliingia katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer akapelekwa Aden. Huko akazaa mtoto wa kiume, ambaye alikufa mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei, 1867, Ruete alipowasili, Salme akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri kwenda Hamburg.

Walipata watoto watatu kwa haraka. Antonie Thawka alizaliwa mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Ghuza mwezi Aprili, 1870. Tazama majina hayo: kila mtoto alipewa jina la Kizungu la kumpeleka shuleni na jina la kwao mama. Mwezi Agosti, 1870, baba yao akaangushwa na tramu akafa. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26, mtoto wa mwisho ana miezi minne, nchi ni ya baridi, lugha ngeni, na mali ya mumewe ikashikwa katika mikono ya sheria za Kijerumani zisizomjali mwanamke wa kigeni. Alihama mji hata mji, akafundisha Kiarabu ili apate kula. Huyu ndiye mtu ambaye huko nyuma alikuwa na watumishi wa kumvika viatu.

Seyyid Majid alikufa mwaka huo huo wa 1870, na Bargash akatawala. Salme akaanza kudai: mali aliyoiacha Unguja, na mafungu yake katika mirathi ya ndugu zake waliofariki. Jibu la Bargash lilikuwa fupi. Dada huyo ametoka katika dini, na asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mwaka 1875 Bargash alipozuru London, Salme alimfuata hadi huko. Wakubwa wa Kiingereza wakamshawishi asimsumbue mgeni wao, wakimwahidi kuwa watoto wake watatazamwa. Alinyamaza, na ahadi ile haikuzaa kitu.

Waingereza hawakumhitaji, lakini haukupita muda Wajerumani wakamwona ni wa kufaa. Mwaka 1884 Karl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu katika karatasi za Kijerumani, na mapema mwaka 1885 Serikali ya Bismarck ikazikubali karatasi hizo kuwa mikataba. Bargash akapinga. Mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake na kuielekeza mizinga mjini. Katika msafara huo alikuwamo mjane wa Hamburg pamoja na watoto wake, miaka 19 tangu alipoondoka. Walimpeleka kama mwananchi wa Ujerumani anayedai haki yake, na uvumi ukaenezwa kuwa mwanawe wa kiume, mjukuu wa Seyyid Said, angeweza siku moja kukalishwa juu ya kiti cha enzi. Watu wa mji walimfuata barabarani kumsalimu. Ndugu yake hakumwona.

Bargash alipokubali matakwa ya Wajerumani juu ya bara, haja ya kumtumia dada yake ikaisha. Shauri la urithi likawekwa kando, akatolewa fedha kidogo, akazikataa, na meli ikarudi Ulaya. Sisemi, msomaji, kuwa Bibi Salme ndiye aliyewaleta Wajerumani. Wangekuja. Nasema kwamba dai la haki la mtu mnyonge lilishikwa mkononi na mwenye nguvu, likatumika kama fimbo, kisha fimbo ikatupwa. Tumeyaona hayo katika mambo madogo pia, pale wakili au jirani anapoigeuza kesi ya mjane kuwa yake.

Tarehe 1 Novemba, 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakakata mipaka ya nchi ya Sultani. Wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba, Lamu na Mafia. Bargash akafa mwaka 1888. Salme alirudi Unguja mara ya pili mwaka huo, akiwa na Rosalie, akitumaini kwamba ndugu mwingine, Seyyid Khalifa, atakuwa na moyo laini zaidi. Hakupata kitu. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai, 1890, mataifa yale mawili yakatia saini mkataba mwingine. Wajerumani wakapata kisiwa cha Helgoland katika bahari yao, Waingereza wakaitia Unguja chini ya ulinzi wao, na ikaamuliwa kuwa Sultani aachie Ujerumani mwambao wa Tanganyika pamoja na Mafia kwa malipo. Bei ilikuwa mark milioni nne, yaani pauni 200,000.

Aliyekuwa Sultani wakati huo ni Seyyid Ali bin Said, naye ni ndugu wa Salme kwa baba. Kwa hiyo katika nyumba moja, chini ya baba mmoja, mtoto mmoja alinyimwa shamba kwa sababu ametoka nje, na mtoto mwingine aliyebaki ndani akalazimishwa kuuza kisiwa kizima chenye watu, minazi, misikiti na makaburi yake. Watu wa Mafia hawakuulizwa. Na fedha zenyewe? Waingereza walizitunza kwa niaba ya Sultani, na mwaka 1895 zikatumika kuilipa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ili iiachie Serikali yao nchi ambayo leo ni Kenya. Thamani ya Mafia ililipia deni la mabeberu wenyewe kwa wenyewe.

Akisimama mtu katika kisiwa kidogo cha Chole leo ataona magofu ya mji huo wa zamani, kuta zimekumbatiwa na mizizi ya miti mikubwa, na popo wakubwa wakining'inia juu yake mchana kutwa. Chole ilikuwa makao ya maliwali wa Sultani, kisha ya Wajerumani, mpaka walipohamia Kilindoni mwaka 1913 kwa ajili ya bandari. Hawakukaa sana. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na kutokea huko wakazipeleka ndege na manowari zilizoimaliza Königsberg katika mito ya Rufiji mwezi Julai mwaka huo. Mwenye kuuziwa naye alinyang'anywa kabla ya kutimiza miaka 25.

Sasa turudi kwa mwanamke wetu na kizazi chake, kwani ndicho kilichonifanya nimfikirie nilipokuwa nikisoma barua ile.

Bibi Salme aliondoka Ujerumani akaishi Jaffa na Beirut, mahali ambapo angeweza kusikia Kiarabu dirishani, mpaka mwaka 1914. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Karibu na mwisho wake ndipo alipopewa posho ndogo kutoka Unguja, wakati wa utawala wa Seyyid Khalifa bin Harub. Walipofungua vitu vyake walikuta mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, wakauzika pamoja na majivu yake katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mumewe.

Binti yake mkubwa, Antonie, aliolewa mwaka 1898 na Eugen Brandeis, mtawala wa Kijerumani wa visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki. Hebu fikiri: mtoto wa mwanamke aliyenyang'anywa kwao akawa mke wa bwana mkubwa wa kikoloni katika visiwa vya minazi vya watu wengine. Aliandika hata kitabu cha mapishi kwa ajili ya wake wa walowezi wa nchi za joto. Ndoa hiyo ilivunjika baadaye, na Antonie akafa mwaka 1945 katika siku za mwisho za vita. Rosalie aliolewa na afisa aliyepanda cheo hadi jenerali katika jeshi la Prussia, akafa mwaka 1948.

Rudolph Said ndiye aliyenivutia zaidi. Alikuwa afisa wa jeshi la Wajerumani, akaacha, akafanya kazi Misri, akaoa mwaka 1901, kisha akafanya jambo ambalo si la kawaida kwa Mzungu wa siku zile: akalichukua jina la babu yake mzaa mama na kulifanya la ukoo, akajiita Said-Ruete. Alihamia London. Mwaka 1929 alichapisha kitabu juu ya maisha ya Seyyid Said bin Sultan, babu ambaye hakumwona na ambaye warithi wake walimfungia mama yake mlango. Maandishi ya mama yake pamoja na maktaba yake akayakabidhi kwa wanazuoni wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1937, na huko ndiko yalikopatikana yale ambayo Salme aliyaandika kama barua za kupeleka nyumbani, juu ya upweke wake wa Ujerumani, na ambayo hayakuchapishwa wakati wa uhai wake. Said-Ruete alikufa Uswisi mwaka 1946. Binti yake, aliyezaliwa mwaka 1910, alimwita Salme.

Kwa hiyo, jina lililofutwa katika kasri la Unguja lilizaliwa upya Ulaya, na hata kasri lenyewe, lililogeuzwa kuwa makumbusho, lilimtengea chumba.

Hapa ningeweza kumaliza, na msomaji angefurahi, lakini haingekuwa kweli yote. Kitabu alichochapisha Salme mjini Berlin mwaka 1886, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mwanamke wa pwani yetu kusimulia maisha yake, kina kurasa ambazo mtu wa leo huzisoma akiwa amekunja uso. Anatetea utumwa. Anasema Wazungu hawakuuelewa, anawaona watumwa kuwa wavivu, wasioweza kuachiwa mambo yao. Binti wa mama aliyenunuliwa! Mwaka 2019 watu wa Hamburg walikiita kiwanja kimoja cha mji kwa jina lake, kisha haukupita muda wakaamua kuliondoa jina hilo walipozisoma kurasa hizo. Na lile shamba alilolirithi akiwa na miaka 12 halikulimwa na upepo.

Mashamba ya minazi ya Mafia hayakulimwa na upepo pia. Katika karne ya 19 matajiri wa Kiarabu na waungwana wa visiwa walipanda minazi kwa mikono ya watumwa waliotolewa bara, wengi wakipitia Kilwa. Wanaume walipanda na kuangua, wanawake walifua makumbi, walisuka makuti na kulea watoto wa wenyewe. Wajerumani hawakuufuta utumwa huo. Sheria ya kuuondoa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Wanawake hao hawana Leiden. Hatujui walizaliwa tarehe ngapi, na mara nyingi hatujui waliitwaje kabla ya kupewa majina ya utumwani. Bibi Salme alilia kwa kunyimwa haki yake, nami namhurumia, lakini kilio chake tunakisikia kwa sababu alikuwa na kalamu na wino. Baadhi yetu tuliozaliwa pwani ni wajukuu wa wale wasiokuwa na kalamu, ingawa katika barua nyingi ninazopokea kila mtu ni mjukuu wa mwungwana.

Ndugu mwandishi wa barua, sasa niko kwako.

Kaskazini ya Mafia, sehemu zenu hizo, aliishi tangu mwaka 1965 mwanazuoni mmoja wa Kiingereza, Pat Caplan, ambaye alirudi mara kwa mara kwa miaka mingi na mwaka 1975 alichapisha kitabu juu ya ukoo na mali katika kijiji chenu kimoja. Aliyoyaona ni yale ambayo bibi yako angekueleza bila kitabu. Mtu wa Mafia huhesabu ujamaa kwa baba na kwa mama pia, na anaweza kuwa mtu wa koo zaidi ya moja, akipata kulima katika ardhi ya huku au ya kule. Minazi ni mali ya mtu mwenyewe, mwanamume au mwanamke, nayo hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ambayo humpa binti fungu lake. Mke ana minazi yake na mume ana yake, wala hazichanganywi kwa sababu wanalala chumba kimoja.

Kwa hiyo wazee wanaosema kuwa shangazi alijitoa mwenyewe hawasemi neno la mila ya Mafia. Wala hawasemi neno la dini. Bargash alikuwa na hoja ya dini mkononi, ukiipenda au usiipende. Ami zako hawana. Shangazi yako alipanda jahazi akiwa Mwislamu na anauza maandazi akiwa Mwislamu. Hasira ya mwaka 1974 si sheria.

Utaratibu wa leo haufichiki. Shauri la mirathi kama hili hupelekwa katika Mahakama ya Mwanzo, hutolewa tangazo, na mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kusema kabla ya msimamizi wa mirathi kuthibitishwa. Usingoje mpaka karatasi zipigwe muhuri. Nenda na shangazi mwenyewe ikiwa miguu inamruhusu. Kama haimruhusu, yeye apate ushauri wa sheria huko huko Tanga juu ya namna ya kuwakilishwa. Lakini kabla ya hayo yote nenda kwa ami yako aliyebaki, peke yako, jioni, bila karatasi, ukakae naye barazani. Kuna wazee ambao hawawezi kurudi nyuma mbele ya kikao, ila mbele ya mtoto wa ndugu yao wanaweza. Mpe nafasi hiyo kwanza. Usimtaje Sultani wala Wajerumani.

Na jambo jingine. Ukifika kwa shangazi yako chukua daftari. Muulize bibi yake mzaa mama aliitwa nani, alitoka wapi, aliolewa na nani, nani alipanda minazi ya upande gani. Huyo ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki, na umesema mwenyewe katika barua kuwa kikao kizima kilishindwa kulitaja jina la mama yake babu. Yamkini anayelijua ni yule mliyemwacha nje ya orodha.

Nimeisoma barua yako mara ya pili leo asubuhi kabla ya kuandika haya, na nikaona mstari ulioandikwa pembeni kwa kalamu nyingine, kama vile uliukumbuka baada ya kuikunja. Unasema babu alipanda mnazi mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa, karibu na kisima, na kwamba ule wa shangazi ungali unazaa vizuri kuliko yote. Wakwezi wakifika shambani, unasema, huuita kwa jina lake.

Utakapovuka kutoka Nyamisati mwisho wa mwezi, uniandikie yaliyotokea.